Kwenda Gendabi Kupiga Kura, na Jina Nililoliandikisha Vibaya

Wengi mmeniuliza kwenye kundi letu la wasapu nilikuwa wapi siku ya uchaguzi, mbona simu haikupokelewa mchana kutwa na mbona picha niliyotuma ina vumbi mpaka kwenye kope. Zainabu akasema nimekwenda kutembea. Sikwenda kutembea, Zainabu. Nilikwenda kurekebisha kosa langu mwenyewe, na kura nikapiga hukohuko. Naandika yote mara moja ili nisimrudie kila mtu.

Mnajua kwamba kabla ya kuhamishiwa Mbulu nilikuwa nesi Gendabi, wilaya ya Hanang, kwa miaka sita. Daftari la wapiga kura lilipofunguliwa pale shuleni, niliwakusanya kina mama waliokuja kliniki nikawapeleka kwa mkupuo. Mmoja wao alikuwa Bi Udagwenga, mama wa Kidatoga, mjane, mfugaji, ambaye Kiswahili chake ni kidogo lakini kila neno lina kazi. Karani alipomuuliza majina, akataja la kwake akanyamaza. Mimi nina haraka ya kuzaliwa nayo. Nikachukua faili lake la zahanati nikayasoma mengine mwenyewe: la marehemu mumewe, na la baba wa mumewe, kama mwanawe alivyokuwa ameyaandikisha zamani. Nilipolisoma lile la mwisho, Bi Udagwenga akaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani jino linamuuma. Tulipotoka nikampa panadoli.

Jirani yangu Mama Safari, Mwiraqw aliyekua pamoja na Wadatoga, ndiye aliyenieleza baadaye huku akicheka mpaka akakaa chini. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Hata kwa bahati mbaya, hata mzee awe amekwisha kufa. Nami nimelibandika jina hilohilo kwenye kadi yake, kadi ambayo siku ya kura ataulizwa, "Mama, unaitwa nani?"

Nikamwambia Bi Udagwenga, "Siku yenyewe nitakuwa pembeni yako." Akasema, "Sawa." Kisha ikaja barua ya uhamisho. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni na uvivu kichwani, na siku za kuhamisha taarifa zangu kuja Mbulu zikapita. Kwa hiyo kura yangu ilibaki Gendabi, na ahadi yangu ilibaki Gendabi.

Mbulu: dereva ana kura yake

Mtoto nilimwachia baba yake, ambaye kituo chake kiko hatua chache kutoka nyumbani na alinikumbusha jambo hilo mara tatu wakati navaa viatu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi, nimejitanda khanga mbili kwa baridi. Mahesabu yangu yalikuwa mepesi: saa tano niko Gendabi, saa sita tumemaliza, saa saba nakula.

Gari lililokuwepo lilikuwa Noah moja tu, ya dereva anayeitwa Tluway. Tulikuwa abiria wanne. Tukaondoka vizuri, tukapita nyumba chache, halafu Tluway akakata kushoto akasimama nje ya shule na kuzima injini.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kura," akasema. "Mimi siondoki Mbulu sijapiga. Nikirudi jioni wamefunga."

"Na sisi?"

"Ninyi mko ndani ya gari. Hamnyeshewi."

Foleni ilikuwa imezunguka madarasa mawili. Nilimwona Tluway akiingia mkiani mwake, mikono mfukoni, akisalimiana na kila mtu kana kwamba yuko harusini. Nilichemka. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Baba mmoja aliyekuwa anakwenda Gehandu kwa kaka yake, na ambaye mwenyewe alikwisha kupiga kura saa moja kamili, alinitazama akasema kwa upole, "Mama, hata ukisimama, foleni haitembei kwa miguu yako." Nikakaa. Tluway alirudi saa tatu kasoro, kidole kidogo cha kushoto cheusi, akakiegemeza kwenye usukani ili sote tukione.

Dongobesh: chai ya wenye wino

Dongobesh tulisimama kunywa chai. Mama mwenye kibanda alikuwa amejiwekea utaratibu wake: mwenye wino kidoleni anahudumiwa kwanza. Baba wa Gehandu akaonyesha kidole, akapewa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha vikiwa bado vinatoa moshi. Tluway naye. Mimi nikanyoosha mkono mtupu.

"Wewe?"

"Naenda kupigia Hanang."

"Nesi mzima," akasema, maana nilikuwa na begi la kazini, "sisi tunawasikiliza mkituambia chanjo, chanjo, halafu wewe kura unaifuata kwa watu?" Benchi zima likacheka. Nilijitetea kwa maneno mengi, na kadiri nilivyojitetea ndivyo chai ilivyochelewa. Mwishowe akanipa kikombe kikubwa kuliko vyote. Akasema, "Kunywa. Hanang ni mbali, na una hasira."

Nilikuwa nusu ya kikombe simu ilipoita. Mama Safari.

"Nesi, uko wapi?"

"Dongobesh. Vipi?"

"Mama yako ameketishwa pembeni." Alimaanisha Bi Udagwenga. "Tulifika saa mbili. Kadi yake imefutika kwa mafuta, picha haionekani vizuri. Msimamizi akamwambia ataje majina yake matatu. Akataja la kwake na la baba yake mzazi. Hayafanani na yaliyo kwenye daftari. Nikataka kumtajia mimi, wale mawakala wa vyama wakapiga kelele, hairuhusiwi kusemewa. Msimamizi akasema akae kwenye benchi mpaka foleni ipungue."

"Mpe simu huyo msimamizi."

"Ndani hawashiki simu. Na mimi nimerudi kwa ng'ombe. Yeye amekaa tu. Nilimwambia twende nyumbani, akasema nesi atakuja."

Chai ilinishinda. Jamani, niliwahi kuzalisha kwa taa ya tochi na sikutetemeka, lakini neno lile, nesi atakuja, lilinifanya niweke kikombe chini kwa mikono miwili. Vituo vinafungwa saa kumi jioni. Nikamwambia Tluway, "Kaka, nakuomba, tusisimame tena popote."

Tluway akasema hakuna shida.

Kuelekea Dareda: mzee na shikamoo yake

Tulisimama. Mbele kidogo ya Bashaneti palikuwa na mzee mmoja kando ya barabara, koti zito, fimbo, na kadi ya mpiga kura ameining'iniza shingoni kwa uzi. Tluway akakanyaga breki. Kituo cha mzee kilikuwa ndani, kwenye njia ya mashamba, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Tluway," nikasema, "ulisema hakuna shida."

"Hii si shida. Huyu ni mzee."

Nikafungua mlango haraka haraka. "Panda basi, baba, tunachelewa."

Mzee hakupanda. Alisimama na fimbo yake akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia dereva. "Huyu ametoka wapi, ambako watu hawasalimiani?"

Kwetu Newala pia tunasalimiana, na mama yangu angenizaba kofi. Nikashuka, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Huko ulikotoka, mvua?"

"Bado, baba."

"Na hapa bado." Ndipo akapanda. Dakika zilizotumika kwa salamu hazikuzidi mbili, ila mimi nilizihisi kama kliniki ya Jumatatu. Tukamfikisha mpaka mlangoni pa kituo. Watu wakampisha mbele. Kabla hajaingia, akageuka akatuita tusubiri. Mkewe, ambaye nyumba yao ilikuwa jirani na pale, akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando na vikombe. Nikasema ahsante, tuna haraka. Uso wa mama yule ukanywea. Tluway akaninong'oneza, "Anadhani umeyaona machafu." Basi nikanywa. Yalikuwa ya baridi, mazito, yana harufu ya moshi, na njaa yangu yote ya chai iliyokatizwa ikaisha pale. Nikaomba tena. Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea Dareda, Tluway alinieleza bila kuulizwa. "Ukishapiga wewe, unaanza kuwaona wote ambao hawajapiga. Siku nyingine yule mzee nampita tu." Hasira yangu ilikuwa imepungua. Nilianza kuwaza kwamba huenda na Gendabi kuna mtu amemwona Bi Udagwenga kwenye lile benchi akasimama.

Nangwa na Katesh: upepo

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu kileleni, na chini yake mashamba yalikuwa yamekwatuliwa yakisubiri mvua. Nangwa tulimshusha mama aliyekuwa kimya safari nzima. Hapo ndipo tukagundua kwamba ukimya wake haukuwa wa majivuno: alikuwa amelala tangu Mbulu, na alitaka kushuka Dareda. Kesi hiyo ilituchukua nusu saa. Mwishowe lori la serikali ya kijiji lililokuwa linarudi Babati likambeba, naye akatuaga akituombea mema, kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Katesh niliingia saa nane na nusu. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na bodaboda waliokuwepo walikuwa wawili. Wa kwanza alikataa kwa sababu ya vumbi. Wa pili, baba wa makamo aliyevaa miwani ya kuchomelea vyuma, akauliza tu, "Una kilo ngapi?" Nikamwambia aache maswali ya zahanati, ni ya kwangu hayo.

Njia ya Gendabi wakati wa kiangazi ni unga. Upepo ulikuwa unatoka kwenye ziwa lililo jirani na kijiji, unabeba magadi, unakuingia mpaka kwenye meno. Tulikwama mara moja kwenye mchanga na mara moja katikati ya ng'ombe ambao hawakuwa na haraka ya kuchagua mtu yeyote. Mchungaji wao alituonyesha kidole chenye wino kwa mbali, akatabasamu. Hapo nilicheka mwenyewe. Siku nzima watu walikuwa wananionyesha kidole, na sikuweza hata kukasirika.

Gendabi: benchi

Saa tisa na dakika ishirini. Foleni ilikuwa imebaki watu wanane. Chini ya ukuta wa darasa, juani, kwa sababu kivuli kilikuwa kimehama na yeye hakuhama, alikuwa ameketi Bi Udagwenga. Alikuwa amevaa vazi lake la ngozi, lile la siku kubwa, na bangili za shaba mikononi. Kadi ilikuwa kwenye kiganja.

"Shikamoo, mama," nikasema. Nilitaka kusema pole, nikashindwa.

"Marahaba." Akalitazama vumbi langu. "Umechelewa. Umekula?"

Niliingia ndani moja kwa moja. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu mgeni, kijana mwenye miwani, amechoka. "Dada, foleni iko nje."

"Nitakwenda kwenye foleni. Nimekuja kwa yule mama wa benchi."

"Yule anamsubiri mtoto wake."

"Anawasubiri ninyi. Tangu saa mbili asubuhi."

Akaivua miwani. Niliona kabisa kwamba alikuwa amesahau, na kwamba kusahau kwake kumemuuma. "Hakusema kitu," akasema. "Nilidhani hayajui majina ya kwenye kadi."

"Anayajua. Lile la mwisho ni la baba wa mume wake. Mdomo wake haulitamki. Na aliyeliandikisha ni mimi, si yeye."

Wakala mmoja akadakia, "Hizo ni mila. Hapa kuna utaratibu." Mwingine akaunga mkono: bila majina, na picha imefutika, watajuaje kwamba ndiye?

"Mimi ni wa Tukuyu," msimamizi akasema, si kwangu tu, kwa chumba kizima. "Mama yangu aliishi na babu mzaa baba kijiji kimoja miaka yote, na hakuwahi kukutana naye njiani. Akisikia anakuja, anaingia kwenye migomba. Nimekulia humo. Halafu mimi ndiye nimemkalisha huyu mama juani." Akasimama. "Mwiteni."

Bi Udagwenga akaingia, polepole, ameinua kichwa. Msimamizi akamwamkia, kisha akawaambia mawakala hivi: kila mmoja amwandikie jina moja la mwanamume wa Kidatoga kwenye karatasi, lolote analolifahamu. Yeye ataongeza lile la kwenye daftari, atayasoma yote kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Mama hatasema neno. Lile la baba mkwe wake likipita, ataonyesha. Mawakala wakatazamana. Wakakubali, hata yule wa utaratibu, ambaye aliandika haraka kuliko wote.

Nikamweleza Bi Udagwenga kwa Kiswahili chepesi na mikono. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Gidamis," akasoma msimamizi.

Bi Udagwenga alikuwa anatazama dirishani.

"Gidabat."

Hakugeuka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa dawati. Nikawaza: je, kama hakunielewa? Je, kama ameona hata kuonyesha ni dhambi, akaamua kurudi nyumbani na heshima yake? Ningemlaumu vipi?

"Gidasin."

Macho yake bado dirishani.

Kisha msimamizi akasoma lile jina. Msinitake niliandike hapa. Mwenyewe halitamki, nami nimekwisha kulipeleka mahali pengi mno.

Kiganja cha Bi Udagwenga kikapanda, kikaziba mdomo. Macho yakashuka sakafuni. Ilikuwa ile ishara niliyoitibu kwa panadoli. Hakuna mtu ambaye angeweza kuiigiza, kwa maana haikuwa ya kuigiza. Ilimtoka kama mtu anavyopepesa jicho.

Yule wakala wa utaratibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Ndiye." Wengine wakasema ndiye. Msimamizi akapiga mstari kwenye daftari, akampa karatasi tatu kwa mikono miwili.

Nikajitolea kumsindikiza kwenye kituturi, kile kijichumba cha kupigia kura kwa siri, kwa kuwa hasomi. Akanizuia kwa bangili zake. "Picha naziona," akasema. Alikaa humo ndani muda mrefu, mpaka watu wa foleni wakaanza kuchungulia. Alipotoka, karatasi zilikuwa zimekunjwa vizuri, kila moja peke yake, akauliza sanduku lipi ni la ipi, akatumbukiza moja baada ya nyingine. Wakampaka wino. Akakitazama kidole chake, akakigeuza, akakitazama tena.

Mimi nilipiga saa tisa na dakika hamsini. Nyuma yangu walikuwa wawili tu. Mliouliza nilimpigia nani, endeleeni kuuliza.

Nyumbani kwa Bi Udagwenga

Tulitembea pamoja mpaka bomani kwake, jua likiwa limelegea na ng'ombe wanarudi. Kila tuliyekutana naye alitazama vidole vyetu kwanza ndipo uso. Mke wa mwanawe akatuletea maziwa na ugali, na Mama Safari akaja mbio kutoka kwake akitaka kusikia yote. Nilipofika pale pa msimamizi na mama yake kwenye migomba, Bi Udagwenga akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mama yake amelea vizuri."

Kisha nikasema lile lililokuwa limenikwama siku nzima. "Mama, nisamehe. Nilikuandikia jina lisilo lako, nikakukalisha juani."

Hakuniambia si kitu. Wale si watu wa kukufutia kosa kabla hawajalitazama. Alifikiri, akanywa maziwa, akasema, "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, na daftari la kliniki lilikuwa begini.

"Siku wakifungua tena kuandika, utakuja?"

"Nitakuja."

"Andika sasa, usisahau." Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwa miaka sita, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, akalitaja jina lake na la baba yake mzazi. "Udagwenga! Wa Gidahoda!"

Nikaandika.

"Soma."

Nikasoma, taratibu, kama ninavyoita kliniki: "Udagwenga Gidahoda."

"Abee!" akaitikia, na ng'ombe walio karibu wakageuka kumtazama.